Prosesa ya gita: nyumbani asali, ukumbini nyuki

Habari za leo wakuu. Naomba ushauri.

Napiga gita la solo kwenye bendi ndogo ya dansi. Nimenunua prosesa ya dijitali ya mtumba, ile ya kukanyaga inayoiga amplifaya za zamani. Nyumbani kwa hedifoni, sauti ya kuiga amplifaya ya Fender Twin Reverb ni tamu, nyuzi nyembamba zinalia kama kengele. Nikifika ukumbini nikachomeka kwenye amplifaya ya gita, inakuwa nyuki ndani ya debe. Besi na tumba zikiingia ndiyo sisikiki kabisa.

Nimepunguza distoshoni na mwangwi, nimepandisha sauti za kati, nimebadili waya. Jumamosi nilizima kipengele cha kuiga spika, ikatulia kidogo. Lakini nilipoingia moja kwa moja kwenye miksa (mtambo wa kuchanganya sauti za bendi) bila hicho kipengele, ikakwaruza kama redio iliyokosa stesheni. Fundi mitambo anasema niiuze tu (yeye kila kitu ni kuuza).

Je, mnahifadhi sauti mbili tofauti, moja ya amplifaya na nyingine ya miksa? Na kwenye miksa, masafa ya juu (zile sauti kali za juu) mnayakata kuanzia wapi, kilohezi (kHz) 5 au 8?