Naomba ushauri: twatoka Mombasa kwenda kulala Mlima Kenya msimu wa kipupwe

Asalaam aleikum wenzangu. Tuko wanne, wote wa hapa Kisauni, na Agosti twataka kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki. Hatuendi kileleni. Tumepanga kulala usiku mmoja kwenye banda la Old Moses, mita 3,300, asubuhi tushuke.

Shida yangu ni baridi. Sisi watu wa pwani, kusi likivuma kidogo tu tushajifunika shuka mbili! Kongowea nimepata jaketi zito la mtumba na soksi za sufu, lakini mfuko wa kulalia sijauona. Je, Nanyuki hukodishwa, au nibebe mablanketi yangu?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mwenzetu mmoja ana pumu. Huku hapati taabu ila vumbi likizidi. Yeye asema atabeba dawa yake ya kuvuta na yatosha. Mimi nataka kwanza amuone daktari. Tena tukitoka usawa wa bahari na kufika juu kesho yake, kichwa si kitatugonga sote? Nafikiria tulale Nanyuki usiku mmoja kabla ya kupanda, ila wenzangu waona ni kupoteza pesa.

Aliyewahi kupanda akitokea pwani, hasa mwenye pumu, tafadhali aniambie ilikuwaje. Na wapagazi, kwa usiku mmoja kuna haja?