Naomba ushauri: kusogeza mipaka ya viwanja kwa programu ndani ya AutoCAD (programu ya kuchora ramani na michoro ya kiufundi)
Wataalamu, habari zenu. Ninaandika programu kwa lugha ya C# itakayochora, kwa kutumia GetOffsetCurves (amri ya AutoCAD ya kutengeneza mstari sambamba na mwingine kwa umbali uliotajwa), mstari ulio mita 3 ndani ya mpaka wa kila kiwanja. Tatizo ni kwamba polilaini iliyofungwa (mstari wa vipande vilivyoungana hadi kurudi ulipoanzia) husogea ndani au nje kulingana na mwelekeo iliochorwa, yaani kufuata mshale wa saa au kinyume chake, na michoro ninayopokea imechanganya yote mawili. Ninakusudia kukokotoa eneo lenye alama ya kujumlisha au kutoa kutokana na viwianishi vya vipeo (namba za mahali pa kila kona), alama hiyo ikionyesha mwelekeo, kisha nibadili alama ya umbali ipasavyo, njia ninayoiona safi kuliko kusogeza pande zote mbili na kulinganisha maeneo. Je, hesabu hiyo itatosha polilaini ikiwa na matao? Na kiwanja chenye shingo nyembamba kikitoa vipande viwili baada ya mstari kusogezwa ndani, mnavishughulikiaje?