M5 F90 au E63 S: ipi inavuta zaidi ukiwa tayari kwenye mwendo? Nina mpaka Ijumaa

Mguu Mzito
Habari zenu wakuu. Wiki ya pili sasa silali vizuri, nasoma takwimu za magari mpaka saa nane usiku na kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa. Naomba mnikwamue.

Nachagua kati ya sedani mbili, zote zimeshatumika. Ya kwanza ni BMW M5 ya kizazi cha F90: V8 ya lita 4.4, turbo mbili, farasi 600, torki (nguvu ya kuzungusha) Nm 750. Ya pili ni Mercedes-AMG E63 S ya kizazi cha W213: V8 ya lita 4.0, turbo mbili, farasi 612, torki Nm 850. Zote zinatajwa kutoka sifuri mpaka 100 kwa sekunde 3.4. Sasa zile Nm 100 za ziada za E63 S zinapotelea wapi?

Sitafuti gari la kushindania. Nataka kujua ukiwa kwenye 80 ukakanyaga, ipi inaondoka haraka zaidi. Habari za mafuta na bei msinishauri, hayo nimeshayamaliza.

Torki1000
Mkuu umeuliza swali la maana, twende kwa hesabu.

Gari likianza kutoka kusimama, kinachoamua ni mshiko wa tairi. Zote mbili zinavuta magurudumu manne, na tairi ikishafika mwisho wa mshiko wake hizo Nm 100 hazina pa kutokea. Halafu M5 ni nyepesi kidogo. Ndiyo maana sekunde zinalingana.

Kwenye 80 kwenda 120 mambo ni mengine. Hapo angalia nguvu dhidi ya uzito, na angalia giaboksi. Torki kubwa isikudanganye, maana nguvu ni torki mara mizunguko. Nm 850 kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika ni kilowati 222 tu, yaani kama farasi 300. Zile 612 unazipata injini ikiwa juu ya mizunguko 5,700. Kwa hiyo ukikanyaga na giaboksi isiposhusha gia, umebaki na nusu gari. M5 ina gia nane na konveta ya torki ya kawaida, kile kiungo cha injini na giaboksi. E63 S ina gia tisa, na badala ya konveta imewekewa klachi zinazofanya kazi ndani ya mafuta. Zote hushuka gia haraka sana.

Jibu langu: hutaona tofauti. Chukua iliyotunzwa vizuri.

Nne Kwa Nne
Na mkisoma takwimu muangalie ni farasi wa nani. Farasi wa Ujerumani ni wati 735.5, wa Marekani ni wati 745.7. M5 Competition moja ileile Wajerumani wanaiandika 625, Wamarekani wanaiandika 617. Watu wamegombana humu kwa sababu ya hilo tu.

Dereva wa Usiku
Mimi mnisamehe, nikisikia M5 akili inakwenda kwenye E60, M5 ya zamani. V10 ya lita 5.0, haina turbo, farasi 507 kwenye mizunguko 7,750. Na ukiiwasha haikupi zote, inaanza na 400, mpaka ubonyeze kitufe ndipo inafungua zilizobaki.

Rafiki yangu aliniachia usukani wa moja, barabara tupu, alfajiri. Mpaka mizunguko 4,000 nilijiuliza kama hii ndiyo ile wanayoisifia. Kuanzia 6,000 nikanyamaza. Ule mlio ulikuwa unaingia kifuani. Nilipomrudishia funguo mikono ilikuwa inatetemeka, na ni miaka mingi sasa nausikia. Ukiipata nzuri, hakikisha beringi za konrodi zimekaguliwa kabla hujatoa chochote.

Mguu Mzito
Asante kaka, lakini E60 haipo kwenye hesabu zangu. Nataka inayovuta kuanzia chini, bila kusubiri.

Mzee wa Gia
Wanangu, nimeendesha miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu. Farasi 600 kwenye barabara ya watu wote ni za nini? Ukizitumia kwa sekunde tano tu umeshavuka kila kibao. Nimezika rafiki aliyekuwa na gari kali na dereva aliyekuwa na gari bovu, wote waliondoka kwa haraka. Mwanangu, jiulize kwanza unakimbilia wapi.

Waya Mwekundu
Mnajadili mitungi ya petroli mpaka leo? Tesla Model S Plaid ina farasi 1,020, haina gia ya kushusha, haina turbo ya kusubiri. Unakanyaga, umeshafika. Mada ifungwe.

Nne Kwa Nne
Uzito, Waya, uzito. Angalieni M5 mpya ya G90, ya mwaka 2024: injini na mota ya umeme pamoja, farasi 727, Nm 1,000. Lakini ina zaidi ya tani 2.4, na kutoka sifuri mpaka 100 inatajwa sekunde 3.5. Farasi 127 wameongezeka na bado imepitwa na F90. Betri ni mzigo.

Bi Usukani
Mleta mada, nimesoma uzi wote na kuna kitu hujakisema. Kwa sasa unaendesha gari gani? Na kwa nini ni 80 na si sifuri? Anayetafuta sifa huuliza sifuri mpaka 100. Wewe umeuliza kama mtu aliyewahi kukwama katikati.

Mguu Mzito
Dada gari la sasa halihusiani. Nimelichoka tu. Nirudi kwenye swali: E63 S ikiwa kwenye hali ya kawaida inazima silinda nne ili kubana mafuta. Je, zinachelewa kuamka ukikanyaga ghafla?

Torki1000
Zinaamka ndani ya kufumba na kufumbua, huhisi. Ila mjibu Bi Usukani, hata mimi nimeanza kujiuliza.

Bi Usukani
Nasubiri. Sikuulizi kwa ubaya.

Mguu Mzito
Sawa. Nitasema, ila naomba msinihukumu.

Mwezi uliopita tulikuwa safarini, mimi, mke wangu na watoto wawili nyuma. Kulikuwa na lori refu mbele yetu, na kilima. Nikaona mbele kweupe, nikatoka kulipita. Nilikanyaga mpaka sakafuni. Injini ikanguruma, lakini gari likawa kama limeshikwa na mkono kwa nyuma. Tulifika usawa wa tairi za katikati za lile lori, nikaziona nati zake moja moja, na hatukusogea tena. Kisha taa za gari zikatokea juu ya kilima.

Dereva wa lori ndiye aliyetuokoa. Alifunga breki, nikaingia mbele yake. Mtoto wangu mkubwa aliniuliza, baba kwa nini gari halikwenda. Tangu siku hiyo mke wangu hapandi gari nikiwa naendesha. Hagombi, hasemi kitu, anapanda tu gari la dada yake.

Ndiyo maana nataka gari ambalo nikikanyaga linakwenda. Na ukweli wote, E63 S nimeshailipia sehemu. Ijumaa namalizia au fedha inapotea.

Mzee wa Gia
Pole sana mwanangu. Maneno yangu ya juu yachukulie kama ya mzazi.

MamaWawili
Umenitoa machozi kaka. Lakini shemeji haogopi gari. Anaogopa ule uamuzi wa kutoka nyuma ya lori kwenye kilima. Farasi 612 hawaoni upande wa pili wa kilima. Umeshakaa naye mkazungumza?

Mguu Mzito
Dada nilitoka nikiwa na nafasi ya kutosha. Ningekuwa na gari lenye nguvu tungekuwa tumeshapita zamani. Hesabu ni hiyo tu. Tusihamishe mada.

Nne Kwa Nne
Hesabu ni hiyo, basi tuifanye. Hilo gari lako lina injini gani?

Mguu Mzito
V6 ya lita 3.5, haina turbo. Farasi 300 na kidogo.

Nne Kwa Nne
Basi wakuu, hii ni chai. Nasema kwa heshima, lakini ni chai, tena ina tangawizi.

Gari la farasi 300, mkiwa wanne ndani, tuseme kilo 1,800. Kutoka 80 mpaka 120 ni sekunde nne au tano, na kilima ukikiongezea, sita. Hata mkiwa juu sana kutoka usawa wa bahari, ambako injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, bado lori hulipiti kwa shida. Gari la namna hiyo haliwezi kuganda ubavuni mwa lori. Mwanzo gari "halihusiani", sasa ndilo lililotaka kuua familia. Mtu ametunga kisa ili tumpe baraka za kununua AMG.

Waya Mwekundu
Nami niliona zile nati za lori nikashtuka. Nani anahesabu nati katika hali ile?

Dereva wa Usiku
Mimi naamini nati. Niliwahi kuteleza kwenye mvua, mpaka leo nakumbuka maandishi ya kibao nilichokaribia kukigonga. Macho hushika vitu vya ajabu wakati huo.

Mguu Mzito
Nne Kwa Nne, naapa sijatunga neno hata moja. Unafikiri naweza kuwataja wanangu kwenye uongo? Gari halikwenda. Lilikuwa limepungua nguvu siku nyingi, kidogo kidogo, ndiyo maana nimelichoka.

FundiKimya
Huwa nasoma tu humu, leo naandika. Naomba majibu matatu, kijana. Moja, taa ya injini ilikuwa inawaka? Mbili, ilikuwa inapepesa au imetulia? Tatu, gari lilikuwa sawa kwenye mwendo mdogo, likikosa pumzi mizunguko ikipanda?

Mguu Mzito
Mzee, ilikuwa inawaka. Ikipanda kilima ilikuwa inapepesa, halafu inatulia. Na ndiyo, mjini lilikuwa sawa, shida ilikuwa juu ya mizunguko 3,500 hivi. Nilijua ni sensa. Kila gari lina taa inayowaka.

FundiKimya
Si sensa. Nne Kwa Nne, hesabu yako ni sahihi na kisa chake ni cha kweli, vyote kwa pamoja.

Taa inayopepesa ni gari linakwambia kuna silinda haichomi. Mara nyingi ni koili inayoipa plagi umeme, au plagi yenyewe. Petroli ambayo haikuungua inatoka mbichi mpaka kwenye ekzosi, inawakia ndani ya masega, yaani kile kichujio cha kusafisha moshi (catalytic converter), masega yanayeyuka na kuziba. Injini ni pampu ya hewa. Moshi usipotoka, hewa mpya haiingii. Mwendo mdogo hutasikia kitu, lakini ukikanyaga mpaka sakafuni inajinyonga yenyewe. Siku ile hukuwa na farasi 300, ulikuwa na mia na kidogo.

Kabla ya Ijumaa lipeleke likapimwe. Fundi afungue sensa ya oksijeni ya mbele, afunge geji ya presha pale, aipandishe mpaka mizunguko 2,500. Mshale unapaswa kulala chini kabisa.

Bi Usukani
Na hiyo E63 S uliyoilipia, umeipima? Maana kama hili limekuwakia taa ukaliacha, lile lina silinda nane na turbo mbili zilizokaa katikati ya V, joto lote humo ndani. Halina uvumilivu huo.

Mguu Mzito
Bado sijaipima. Nimeiona imewashwa tu.

Nne Kwa Nne
Kaka nakuomba radhi mbele ya wote. Nimekosea kukuita muongo. Tuletee majibu ya geji.

Mguu Mzito
Nimerudi wakuu. Ni Alhamisi usiku.

Mashine imesoma silinda ya tatu haichomi. Geji ilipofungwa mshale ulipanda na haukushuka mpaka injini ilipozimwa. Wakafungua bomba la upande ule. Masega yale nilitegemea kuona vitundu vidogo vidogo kama vya nyuki, nikakuta nusu yake imeyeyuka ikawa bonge moja, inang'aa kama kioo. Kipande kimoja kilidondoka chenyewe, nikakiweka mfukoni.

Nimekifikisha nyumbani nikamwekea mke wangu mezani. Nikamweleza yote kama mlivyonieleza. Alikigeuza geuza mkononi, akaniuliza swali moja tu: taa ilianza kuwaka lini? Nikamwambia, wiki tatu kabla ya safari. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema nikishatengeneza, kwa mwezi mzima ataendesha yeye, mimi nitakaa pembeni.

Muuzaji wa E63 S nimempigia, nimemwambia simalizii kabla haijapimwa na fundi ninayemchagua mimi. Amekasirika, anasema ana wateja wengine. Sijajua nifanye nini kuhusu ile fedha niliyokwisha kutoa.

MamaWawili
Kaa pembeni kaka. Na usimwelekeze gia.

FundiKimya
Usianze na masega. Badilisha kwanza koili, zote sita, na plagi zake, uendeshe siku mbili taa isiwake. Ukifunga masega mapya wakati silinda ya tatu bado haichomi, utayayeyusha na hayo. Na upande wa pili wafungue pia wachungulie.

Mguu Mzito
Sawa mzee. Kesho asubuhi nafuata koili.