Naomba ushauri: kutambua fokasi katika picha iliyokwisha kupigwa

Habari zenu, ndugu wapiga picha. Ninaishi Moshi, na ninawafundisha vijana wa mtaani kwetu kuisoma picha kabla hawajashika kamera. Kanuni ya theluthi (kuigawa picha sehemu tatu tatu na kumweka mhusika kwenye mistari ya mgawanyo) wameielewa haraka, na mistari elekezi (inayoongoza jicho ndani ya picha) nayo si tatizo, kwa kuwa safu za kahawa huionyesha vizuri.

Ugumu uko kwenye fokasi, yaani kipi kimetokea wazi na kipi kimefifia. Wakimwona mkulima aliyetokea wazi huku kilele cha Kibo cha Mlima Kilimanjaro kimefifia nyuma yake, husema mara moja kwamba tundu la lenzi lilifunguliwa sana, kama f/2.8, lakini kufifia huko kunaweza pia kuletwa na lenzi ndefu (inayovuta vitu vya mbali), au na mpigaji kumsogelea mhusika, na wakati mwingine ni vumbi na mvuke wa hewani tu, jambo ambalo naona ndilo linalowapotosha zaidi. Je, ni dalili zipi katika picha zinazotenganisha sababu hizi? Na je, nianze na zoezi la kumpiga picha mhusika yuleyule kwa f/2.8 kisha f/11 (tundu dogo) bila kuhama, au nianze na kubadilisha umbali? Wengi wao wana simu tu, ambazo mara nyingi hufifisha mandhari ya nyuma kwa programu, hivyo nitashukuru sana kwa ushauri unaowafaa wao pia.