Jiko la 90, friji ya milango miwili na mashine ya kuosha vyombo: nibane wapi, nilegeze wapi?

Kinyerezi_Juu

Habari za leo wakuu. Jikoni panakamilika mwezi ujao na vitu vikubwa bado. Nahitaji jiko la gesi la sentimita 90 lenye plate tano na oveni yake, friji ya milango miwili inayofunguka ubavu kwa ubavu (lita 550 hadi 600), na mashine ya kuosha vyombo. Vyote vya daraja la juu, nisije nikarudi dukani baada ya miaka mitatu. Bajeti ni milioni 9 na sitaki kuivuka.

Kaka yuko Maskati, anasema huko bei ziko chini na kuna kontena la kuchangia linakuja Dar. Kariakoo bei ni za maelewano. Halafu kuna dalali mwenye friji ya mtumba kutoka Ulaya, jina kubwa, nusu ya bei.

Umeme ni fezi moja, tarifu ya kawaida T1. Maji ni ya kisima, tenki liko juu ya mnara wa mita 3. Gesi ni ya mtungi. Wenye ujuzi naomba msaada.

Karani_wa_Bandari

Nianze na Maskati, maana hapo ndipo watu hupiga hesabu nusu. Bei ya duka la kule si ya kulinganisha na Kariakoo mpaka uongeze haya. Chukua gharama ya mzigo mpaka Dar, yaani bei ya kununulia, usafiri na bima. Tuseme jumla ni dola 1,000. Bidhaa nyingi zilizokamilika zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa 25%, kwa hiyo 250. VAT 18% inapigwa juu ya 1,250, si juu ya 1,000: hiyo ni 225. Umefika 1,475 na bado hujagusa tozo ndogo ndogo, bandari wala wakala wa forodha. Baadhi ya bidhaa ziko kwenye 35%, hivyo mpe wakala namba za ushuru kabla kaka hajalipa: jiko la gesi ni 7321.11, friji yenye friza 8418.10, mashine ya kuosha vyombo 8422.11, oveni ya umeme 8516.60.

Kontena la kuchangia linatozwa kwa ujazo. Friji ya ubavu kwa ubavu ikiwa kwenye boksi lake ni kama 0.95 × 0.78 × 1.90, yaani mita za ujazo 1.4. Inalipia hewa tupu. Jiko la 90 halifiki hata 0.8. Kama lazima kitu kitoke kule, basi ni jiko, friji nunua hapa.

Na mtu asikudanganye kuhusu msamaha wa ushuru. Ule wa vyombo vya nyumbani ni wa anayehama kurudi kuishi huku na vyombo alivyokuwa akivitumia mwenyewe. Kaka kukununulia vipya vikiwa na plastiki hakumo.

Nozeli65

Kwa jiko, kabla ya jina angalia kibandiko cha nyuma au cha ndani ya droo ya chini. Kikiandika G30 na 28-30 mbar (kipimo cha presha ya gesi), limefungwa kwa gesi ya mtungi. Kikiandika G20 na 20 mbar, limefungwa kwa gesi asilia ya bomba. Majiko mengi ya Italia na Uturuki yanatoka kiwandani na G20, na seti ya nozeli (vipande vidogo vyenye tundu linalopitisha gesi) za mtungi imo kwenye mfuko mdogo ndani ya oveni pamoja na kitabu. Mfuko huo ndio wa kwanza kupotea dukani. Usilipe kabla hujauona.

Ukiwasha jiko la G20 kwa mtungi bila kubadilisha, moto unakuwa mrefu, wa njano, sufuria zinakuwa nyeusi, na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi inajaa jikoni. Watu husema jiko bovu. Si bovu, tundu ni kubwa.

Kazi yenyewe: ondoa vyuma vya juu na vifuniko vya moto, ingiza spana ya bomba ya milimita 7 kwenye kila tundu, toa nozeli ya zamani, weka mpya. Namba iliyochongwa ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita. Kwa mtungi wa 30 mbar, moto mdogo wa kilowati 1 huwa na 50, wa kati 65, mkubwa wa kilowati 3 huwa 85. Ukikuta karibu 72, 97 na 115, hizo ni za gesi asilia. Moto wa katikati wenye pete tatu una namba yake kwenye kitabu, usikisie.

Mafundi wengi huishia hapo, ndiyo maana moto ukipunguzwa unabaki mkali na wali unaungua. Chomoa kitufe, ndani kuna skrubu ndogo ya moto wa chini. Kwa mtungi kwa kawaida inakazwa mpaka mwisho. Oveni nayo ina nozeli yake na skrubu yake. Maliza kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo, usitumie kiberiti kutafuta mvujo.

Nyumba ambayo huenda ikaunganishwa bomba la gesi asilia, kama zilizounganishwa Dar, Mtwara na Lindi, itunze zile nozeli kubwa. Utazihitaji.

Kingine usichobania ni kinga ya moto kuzimika: kile kijiti kidogo kando ya kila moto kinachokata gesi upepo ukiuzima. Yapo majiko ya bei kubwa yenye kinga kwenye oveni tu. Liwashe dukani, zima kwa kupuliza, usikilize "tak" ndani ya dakika moja. Lisipokata, liache.

FundiBaridi

Friji. Naomba uvumilivu, hapa ndipo pesa nyingi hupotelea.

Ya dalali kwanza. Tafuta kibandiko ndani ya chumba cha chini, karibu na droo za mboga. Kuna herufi za hali ya hewa: SN na N ni za chumba kisichozidi nyuzi 32, ST ni 38, T ni 43. Friji ya Ulaya iliyoandikwa SN-N peke yake ikikaa jikoni Dar mwezi wa pili, kompresa haipumziki. Haitakufa wiki ya kwanza, ila LUKU itakwambia. Ikiwa SN-T, sawa.

Kisha umeme: 220-240V, 50Hz (hezi 50). Si Ghuba yote iko sawa. Oman na Imarati ni 50Hz kama sisi, Saudia ni 60Hz. Kompresa ya kawaida ya 60Hz ukiipa 50Hz inazunguka pungufu kwa moja ya sita na inachemka. Za Marekani za 120V usiziguse kabisa. Transfoma ya kushusha umeme inabadilisha volti, haibadilishi hezi. (Maikrowevu ya Marekani juu ya transfoma, saa yake hubaki nyuma dakika 10 kila saa. Hiyo saa ndiyo inayokuambia ukweli.)

Gesi ya kupoozea iliyo ndani ya friji: R600a au R134a. R12 ni chuma chakavu. R600a inawaka moto, na ujazo wake ni gramu chache tu zinazopimwa kwa mzani. Fundi anayejaza kwa kukisia geji atakuulia friji.

Kama bado unaitaka ya mtumba, iwashwe saa 24 mbele yako au kwa makubaliano ya maandishi. Glasi ya maji yenye kipimajoto katikati: isome nyuzi 4 kwenye chumba cha chini, friza -18. Bana karatasi kwenye mpira wa mlango sehemu nane. Ikichomoka bila kukwama, mpira umekufa. Maoni yangu: mtumba wa friji kubwa yenye bodi ya inveta (bodi ya kielektroniki inayoendesha kompresa) si akiba. Bodi yake haipatikani mtaani, na ikiungua umebaki na kabati.

Sasa mpya. Stika ya "miaka 10" kwenye mlango ni ya kompresa tu. Bodi, feni, kujaza gesi na ufundi viko kwenye waranti ya kawaida, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Na kinachokufa hapa si kompresa, ni bodi, kwa sababu umeme unakatika na kurudi ukiwa umepanda. Friji gadi (kifaa cha kukinga friji umeme ukirudi) yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5 ni lazima. Kama volti zenu zinashuka chini ya 190 jioni, weka stabilaiza ya kusawazisha volti.

Usomaji wa nishati: lebo za Ulaya zilibadilishwa Machi 2021. Yenye A+++ ni ya mfumo wa zamani, yenye D au E ya mfumo mpya inaweza kuwa bora kuliko hiyo. Achana na herufi, soma kilowati-saa kwa mwaka. Moja ikiwa 320 na nyingine 450, tofauti ni yuniti 130. Kwa yuniti ya karibu shilingi 356 kodi zikiwemo, ni kama 46,000 kwa mwaka. Kwa hiyo usiongeze laki nane dukani ili "uokoe umeme". Haitarudi. Vipimo hivyo vimefanywa kwenye vyumba vya nyuzi 16 na 32, hapa itakula zaidi, lakini hata ukiizidisha mara mbili hesabu haibadiliki sana.

Unapoweza kubana ni kwenye maji na barafu ya mlangoni. Kile kitundu kinakula nafasi ya friza, kinataka bomba la maji yenye presha, chujio hubadilishwa kila miezi 6, na barafu ikiganda njiani unafungua nusu ya mlango. Friji ileile bila kitundu ni nafuu na haiharibiki mapema. Skrini na waifai vilevile.

Kinyerezi_Juu

Asanteni sana. Mtumba nimeuacha. Mashine ya vyombo je? Na maji ya kisima yana chumvi kidogo.

Bi_Tanga

Hapo kwenye chumvi, ndugu yangu, tofautisha mambo mawili. Maji magumu yenye chokaa mashine inayamudu: ina kichujio cha ndani kinachosafishwa kwa chumvi maalumu ya mawe makubwa, usitie chumvi ya mezani yenye madini joto. Lakini maji yanayoonja chumvi ulimini ni kitu kingine, kichujio hakiyagusi, na chuma cha pua kinaanza vitobo na kutu kwenye mabawaba ya vikapu. Kama chai ikipikwa kwa maji hayo inabadilika ladha, usinunue mashine mpaka uwe na maji mengine.

Presha ni ya pili. Mashine nyingi zinataka angalau baa 0.5 (baa ni kipimo cha presha). Kila mita 1 ya urefu ni baa 0.1. Mnara wa mita 3 ukitoa urefu wa valvu ya mashine unabaki na 0.3 au chini. Itaanza, itasubiri maji, itaonyesha kosa, na duka litasema umeifunga vibaya. Pampu ndogo ya presha inamaliza tatizo. Iweke kwenye bajeti sasa.

Ukubwa: ya sentimita 45 inabeba seti 9 au 10 za vyombo, ya 60 ni 12 hadi 14. Chukua ya 60. Lakini jua kwamba sufuria za alumini hazifai humo, sabuni yake ni kali, zinatoka nyeusi kama zimepakwa masizi. Mwenye kupikia alumini tupu atanunua mashine ya kuoshea vikombe.

Moto_Juu_Oveni_Chini

Napingana na jiko la 90 lenyewe. Moto wa juu ukiwashwa wote ni kama kilowati 11, oveni ya gesi 4 au 5. Kilowati 1 ni takriban gramu 73 za gesi kwa saa, kwa hiyo oveni hiyo ikiwa wazi kabisa ni gramu 300 na ushee, na joto lake linatoka chini tu. Keki inaungua kitako juu ikiwa mbichi.

Nunua meza ya gesi ya kupachika ya 75 au 90, na oveni ya umeme ya 60 yenye feni. Oveni hiyo ni chini ya kilowati 3.5, inataka breka yake ya ampea 16 na waya wa milimita za mraba 2.5, fezi moja inatosha. Ikishapata joto inazima na kuwaka, saa moja ya kuoka ni yuniti 1 na kitu. Na moja ikiharibika nyingine inapika.

Kwenye majina pia kuna pa kubana. Bosch, Siemens na Neff ni kampuni moja, BSH. AEG na Zanussi ziko chini ya Electrolux. Beko na Grundig ni Arçelik. Linganisha jedwali la mwisho la kitabu: wati, ujazo wa oveni, idadi ya vioo vya mlango, reli za trei. Vikilingana, tofauti ya bei unalipia nembo na kitufe.

Karani_wa_Bandari

Hilo naliunga mkono, na ukivinunua hapahapa mambo ya forodha yanakuondokea kabisa.

Kwenye maelewano: uliza kipande cha maonyesho na modeli ya mwaka uliopita kabla ya kuuliza punguzo. Friji iliyobonyea ubavu ni bei nzuri kama ubavu huo utatazama ukuta, ila kagua kona za nyuma. Ikibonyea pale mabomba yanapopita, iache. Ukinunua vitatu duka moja, dai usafiri, kufungiwa na friji gadi badala ya kuvutana kwenye elfu hamsini. Ukiambiwa "bei bila risiti", kataa: bila risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye modeli na namba ya mashine huna waranti, na fundi wa kwanza ataila hiyo 18% mbele yako. Modeli kwenye risiti ifanane na kibandiko mpaka herufi ya mwisho.

FundiBaridi

Na pima mlango wa jikoni leo. Friji ya lita 600 ni upana wa 91, kina cha 70 na zaidi hata milango ikitolewa; mlango wa 80 unapita kwa kubana, wa 70 haupiti. Iachie sentimita 5 nyuma na pembeni. Ikifika imelazwa kwenye kirikuu, isimame wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili oili irudi kwenye kompresa. Dereva akiwa na haraka ya kukuonyesha inawaka, mwambie arudi jioni.