Nimelipishwa mara tatu Jumapili moja kwa fimbo ya ndoano, na hakuna aliyenionyesha sheria

Wana-Kisumu, na nyote mnaoishi kando ya Ziwa Victoria kuanzia Port Victoria hadi Karungu, naomba mnisome mpaka mwisho. Jambo hili nimekaa nalo zaidi ya wiki tano na kila likinijia usiku usingizi unakatika.

Mimi si mvuvi wa biashara. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma, siku sita kwa wiki, na siku ya saba napenda kwenda majini na ndoano. Nimelelewa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu, ziwa likiwa karibu, na marehemu baba alinifunza kufunga ndoano kabla sijajua kuandika jina langu. Sasa namfunza mwanangu wa miaka kumi na mmoja. Samaki hatuuzi. Tukipata ngege (sato) wawili wanaingia kwenye sufuria siku hiyohiyo, tukikosa tunarudi nyumbani hivyohivyo na hakuna anayelalamika.

Jumapili ile tulitoka na boti ndogo ya shemeji yangu, yeye mwenyewe akishika injini. Jaketi za kuokolea maisha zilikuwa tatu, kila mtu na yake, na mtoto alivaa ya kwake tukiwa bado nchi kavu. Nalitaja mapema kwa sababu najua kuna watakaoliuliza. Tuliondoka alfajiri, maana kila anayeijua Ghuba ya Winam anajua kwamba mchana upepo hugeuka, mawimbi huinuka, na magugu maji yakishasukumwa yakaziba njia, boti ndogo inaweza kunaswa humo kwa saa nyingi.

Kufikia saa tatu tulikuwa na ngege wawili wazuri na mbuta (sangara) mmoja. Mbuta nilimpima kwa tepu yangu ya kazi: sentimita 43. Mwanangu akaniomba tumbebe. Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba nchi tatu zinazomiliki ziwa hili, Kenya, Uganda na Tanzania, zilikubaliana mbuta avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85, kwa sababu mdogo hajapata nafasi ya kuzaa, na yule mkubwa kabisa ndiye mama wa wengi. Tukamrudisha, akapiga mkia, akazama. Nilifurahi sana mtoto kuliona hilo kwa macho yake.

Saa moja baadaye mtoto huyohuyo alikuwa akilia.

Tulipotia nanga, wa kwanza kutufuata alikuwa mtu mwenye daftari la shule. Akasema anakusanya pesa ya ufuo, shilingi 200. Nikatoa, nikaomba risiti, akasema kitabu kimeisha. Sikubishana naye, kwa sababu najua kamati za ufuo, hizi BMU, zina kazi halali ya kusimamia fuo na zinahitaji pesa za kuendeshea kazi hiyo. Wa pili alikuwa kijana wa koti la kung'aa. Yeye alidai ushuru wa kaunti kwa samaki wawili ambao mwanangu alikuwa amewashika mkononi kwa kamba. Shilingi 300. Risiti pia hakuna.

Kisha wakaja wa doria. Sitasema ni wa idara gani. Walikuwa wawili, mmoja ana bunduki. Yule mkubwa akatazama fimbo yangu ya kuvulia, ile ya kuzungushia mshipi, niliyoiwekea akiba miezi minne, akauliza, "Mzee, leseni iko wapi?" Nikamwambia sina, nikaanza kumweleza kwa nini sina. Hakusikiliza. Akasema fimbo ni zana haramu, boti halijakaguliwa, na nimehatarisha maisha ya mtoto. Faini ni elfu kumi na tano, ama nilale seli mpaka Jumatatu nipelekwe kortini.

Nikamwuliza kwa heshima zote, "Afande, ni kifungu gani cha sheria nimevunja?"

Akanijibu, "Kifungu utakisoma kortini."

Nawaomba mkae na jibu hilo kidogo. Mtu aliyelipwa kusimamia sheria hawezi kuitaja sheria, au hataki, na amebeba bunduki mbele ya mtoto. Shemeji akajaribu kumtuliza, "Omera, ndugu yangu, tuongee vizuri," akasukumwa kifuani. Hapo ndipo mtoto alipoanza kulia. Tuliishia kwenye shilingi 4,000, nikazituma kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Fimbo wakaondoka nayo. Hawakuandika popote kwamba wameichukua.

Najua wapo watakaoniambia nilitoa hongo na mimi nina makosa. Ni kweli nilitoa, na inaniuma. Lakini aniambie mzazi yeyote humu angefanya nini na mtoto anatetemeka kando yake, huku akiambiwa baba analala ndani.

Sasa kuhusu leseni, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Mwezi Januari, kabla ya haya yote, nilienda mwenyewe kuitafuta leseni ya uvuvi wa burudani. Niliacha kazi nusu siku. Ofisi ya kwanza wakaniambia fomu walizonazo ni za watu wenye nyavu na boti za biashara, mtu wa ndoano hawana la kumfanyia, niende kwingine. Kwingine wakaniambia mambo siku hizi ni mtandaoni. Nikaenda saiba, kijana akatafuta karibu saa nzima, hatukufika kwenye ukurasa wa kulipia. Nikarudi kwa wale wa pili, mama mmoja pale mezani akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Baba, wewe nenda tu uvue, nani atakusumbua na ndoano?" Nikaondoka na jibu hilo. Nililipa nauli, nikapoteza mshahara wa nusu siku, nikiwa na pesa ya leseni mfukoni, na hakuna aliyekuwa tayari kuipokea. Miezi michache baadaye nachukuliwa mali yangu kwa kukosa karatasi ileile waliyokataa kuniuzia.

Na tusidanganyane kwamba ni jambo geni. Leseni ya uvuvi wa burudani ipo nchini, na wageni wanaofika visiwa vya Rusinga, Mfangano na Takawiri kuvua mbuta kwa fimbo wanajulikana miaka mingi. Hoteli zina boti zao na watu wao wa kushughulikia makaratasi. Mtu wa Nyalenda akishika fimbo ileile, katika ziwa lilelile, inaitwa zana haramu.

Nikaanza kusoma mwenyewe, kwa msaada wa jirani anayefanya kazi na mawakili. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ndilo linalogawa kazi kati ya serikali ya taifa na za kaunti. Uvuvi umetajwa pande zote mbili. Kwa taifa uko chini ya mazingira na maliasili, umewekwa pamoja na uwindaji. Kwa kaunti uko chini ya kilimo. Feri na bandari ni za kaunti, lakini kanuni za vyombo vya majini zinazohusu nchi nzima zimebaki kwa taifa. Juu ya hayo kuna Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya 2016, kuna walinzi wa pwani waliopewa sheria yao mwaka 2018 na ambao doria yao inafika huku ziwani, kuna mamlaka ya usalama wa vyombo vya majini, na kuna BMU za kila ufuo. Ukiingia majini na boti la futi kumi na tano unakuwa umeingia mikononi mwa wote hao kwa mpigo. Mimi sikatai wawepo. Ninachouliza ni kwa nini hawajakaa meza moja wakaandika karatasi moja: mtu wa ndoano alipe nini, kwa nani, abebe nini kwenye boti, na akikosea faini ni kiasi gani.

Inawezekana kabisa. Tazameni uwindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na tangu hapo hata mtoto wa darasa la tatu kule Nyakach anajua huruhusiwi kumpiga swala risasi kwa starehe. Hakuna anayekuja na daftari la shule kukuuzia ruhusa ya pembeni. Omena nao, wale dagaa wa ziwani, msimu wao hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na kila mama anayeanika omena anaijua miezi hiyo, iwe anaipenda au haipendi. Sheria ikiwa wazi watu huifuata, na anayeivunja anajua anaivunja.

Kitu kingine kilichonichoma siku ile. Hatua kama ishirini kutoka pale waliponisimamisha, nyavu za monofilamenti zilikuwa zimeanikwa juani. Nyavu zilizopigwa marufuku, zile nyembamba zisizooza, ambazo zikipotea majini zinaendelea kuua samaki bila mvuvi. Upande wa pili vijana walikuwa wanakokota kokoro, ule wavu wa kuburuta, mpaka ufuoni, na ndani yake samaki wadogo wa urefu wa kidole. Afande alipita katikati ya hayo yote ili aje kwangu. Mimi na ndoano mbili na ngege wawili. Halafu tunashangaa kwa nini ngege wa ziwa amekuwa ghali, na kwa nini sokoni Kisumu tunauziwa samaki wa barafu waliosafirishwa kutoka China, sisi tuliozaliwa kando ya maji.

Kwa wale ambao hawajakutwa na haya, jirani yangu alinionyesha Kifungu cha 49 cha Katiba. Ukikamatwa lazima uambiwe mara moja sababu, kwa lugha unayoielewa. Na kama kosa adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, huwezi kuwekwa rumande kwa kosa hilo. Angalieni basi maana ya kukataa kunitajia kifungu. Bila kujua kosa, singeweza kujua kama tishio la seli lilikuwa na msingi wowote. Kuficha sheria ndiko kulikonitoa zile elfu nne.

Na kuhusu malipo: mwaka 2023 serikali ilitutangazia kwamba pesa za huduma zake zipitie namba moja ya malipo, 222222. Faini halali haiingii kwenye simu ya mtu. Wekeni hilo kichwani, na mfundishe vijana wenu wa boti.

Msinielewe vibaya kuhusu usalama. Boti likaguliwe. Nahodha apimwe kama anajua kazi. Asiye na jaketi arudishwe nchi kavu hata kama amelipia safari, na nahodha aliyembeba achukuliwe hatua. Tumezika watu wengi mno ziwa hili, wengine kwa boti lililojazwa kupita kiasi, wengine kwa viboko. Ningesimamishwa nikaulizwa jaketi ziko wapi, ningemshukuru aliyeuliza. Lakini siku ile hakuna aliyezihesabu. Tulikuwa tumezivaa na hawakuzitazama.

Ninachotaka ni kibao. Kibao cha bati pale kila ufuo boti zinapotia nanga, Dunga, Usoma, Asembo Bay, Luanda Kotieno, Mbita, Usenge, kote, kimeandikwa kwa Kiswahili na kwa Dholuo: vipimo vya samaki, nyavu zilizokatazwa, miezi iliyofungwa, bei ya leseni ya ndoano na inapouzwa, faini ya kila kosa, na namba ya malipo. Bati na rangi nitatoa mimi, na kuchomelea nitachomelea bure kwa ufuo wowote utakaokubali. Nasema kweli, nitafuteni.

Fimbo yangu sijarudishiwa. Nimeandika barua kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Niliomba mambo matatu: nakala ya ada na faini za uvuvi wa burudani, jina la ofisi inayouza leseni hiyo hapa Kisumu, na rekodi ya vifaa vilivyochukuliwa siku ile. Leo ni siku ya 34. Hakuna jibu, na nikipiga simu wananiambia mhusika yuko semina.

Kama kuna mtu humu aliyewahi kupewa leseni ya ndoano upande huu wa ziwa, tafadhali aweke picha yake hapa, afiche jina na namba zake, tuone inafananaje na ilitoka wapi. Na wewe uliyewahi kulipishwa faini ufuoni, andika mwezi, kiasi ulicholipa, na kama ulipata risiti. Nitachapisha yote mtakayoandika, niyaambatanishe na barua ya pili. Naipeleka Jumatatu saa mbili asubuhi, na safari hii siondoki pale mezani bila mhuri wa kupokelewa.