Naomba ushauri: remorke (trela) ndogo kugeuzwa nyumba ya kulalia (Goma)

Wandugu, remorke ni ya ekseli moja, haina breki, sakafu yake meta 2 kwa 1.20. Nataka kuijengea boksi la fremu ya mbao na alumini ya milimita 1, sakafu tripleksi (plaiwudi) ya milimita 12.

Kinachonisumbua ni resori, yaani springi za vyuma bapa vilivyopangwa juu ya vingine. Kila moja ina vyuma vitano, vya kubebea kilo 500, na boksi halitafika hata nusu yake. Kwa hiyo resori zitakuwa ngumu mno: kwenye mawe ya lava boksi litarukaruka, skrubu zitalegea, mvua itaingia. Nikitoa vyuma viwili vifupi, kile kikuu, kirefu kuliko vyote, kitahimili?

Tangi la lita 40 nitaliweka mbele ya ekseli, ili ndoano ya kuvutia ibebe karibu asilimia 10 ya uzito. Uzito ukilala nyuma, remorke huyumba vibaya.

Silikoni ya kuziba maungio hubanduka kwenye mtikisiko. Gundi ya poliuretani nitaipata duka la aina gani hapa mjini?